UZI: Magogo ya Indonesia na Malaysia tangu miaka ya 1970. Namna ya kuyalinganisha bila kupotoshwa na jedwali

#1 Kipenyo

Wakuu, salaam. Kuna grafu inazunguka ya magogo ya mbao ngumu yaliyouzwa nje na Indonesia na Malaysia. Mstari wa Indonesia unapanda, halafu mwaka 1985 unaanguka hadi karibu sifuri. Wa Malaysia unaendelea kupanda miaka kadhaa baada ya hapo. Watu wanaiangalia na kusema Indonesia iliokoa msitu wake, Malaysia ikamaliza wa kwake. Grafu haina kosa. Tafsiri ndiyo yenye kosa, na kosa hilohilo linarudiwa kila wanapolinganisha nchi mbili zenye misitu ya kitropiki. Naomba tulichambue hapa kwa utulivu.

Mwendo wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka 1967 Indonesia ilipitisha sheria mbili: ya misitu na ya uwekezaji wa kigeni. Kampuni zikapewa vitalu vya miaka 20, vinavyoitwa HPH kwa kifupi cha Kiindonesia, hasa Kalimantan (upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo) na Sumatra. Ndani ya miaka michache nchi ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa magogo ya kitropiki. Katika miaka ya juu kabisa ya muongo wa 1970 ilikuwa inatoa karibu mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikwenda Japani, kisha Korea Kusini na Taiwan. Mwaka 1978 ushuru wa kuuza nje ukapandishwa kutoka asilimia 10 hadi 20. Mwaka 1980 mawaziri watatu wakatoa waraka wa pamoja wa kupunguza uuzaji wa magogo hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa 1985 mlango ukafungwa kabisa.

Malaysia mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kwenye milioni 16 hivi, nyingi zikitoka Sabah, jimbo lake kwenye kisiwa cha Borneo. Indonesia ilipofunga, wanunuzi hawakuacha kupasua mbao, walihamia Sarawak, jimbo jingine la Malaysia huko Borneo. Kati ya 1987 na 1990 Malaysia ilikuwa inapitisha milioni 20 kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 imeshuka hadi milioni 7 au 8, mwaka 2000 iko chini ya 7, na kufikia 2010 ni milioni 4 na ushei.

Sasa fanya hesabu moja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Indonesia ilikuwa inauza nje kama mita za ujazo milioni 9 za plaiwudi kwa mwaka. Kila mita ya ujazo ya plaiwudi hula takriban 2.3 za magogo. 9 mara 2.3 ni 20.7. Kwa hiyo miti iliyokuwa ikiondoka Indonesia kwa meli mwaka 1992 ni ileile milioni 20 ya miaka ya 1970, ila safari hii imechunwa, imegundishwa na kufungwa kwa mabunda. Hapo bado hatujagusa mbao za kupasua wala zilizotumika ndani ya nchi.

Magogo peke yake yanakuonyesha kilichopita bandarini kikiwa na umbo la gogo. Ukitaka kujua msitu umetoa nini, rudisha bidhaa zote kwenye ujazo wa gogo kwanza.

#2 Mdadisi wa Mvita

Shukrani mkuu. Hiyo 2.3 inatoka wapi? Nimeona wengine wakitumia 1.9, wengine 2.5. Na mbao za kupasua zinazidishwa na ngapi?

#3 Msumeno

Naomba nijibu mimi, ni upande wangu wa kiwandani.

Vigezo ambavyo ITTO, shirika la kimataifa la mbao za kitropiki, imekuwa ikitumia ni hivi: mbao za kupasua 1.82, vinia 1.9, plaiwudi 2.3. Ile 1.9 uliyoiona ni ya vinia, yaani karatasi za mti kabla hazijagundishwa. Mtu akiitumia kwenye plaiwudi anapunguza Indonesia kwa karibu asilimia 17 bila kujua.

Chukua gogo la kipenyo cha sentimita 65 uone 2.3 inavyojengeka. Linakatwa vipande vya mita 2.6 hivi ili kupata ubao wa mita 2.44, kwa hiyo ncha zimeshapotea. Kipande kinapanda kwenye mashine ya kuchuna. Mizunguko ya mwanzo inatoa vipande vilivyovunjika tu, kwa sababu gogo si duara kamili. Kisha karatasi inatoka safi mpaka kisu kinapokaribia kiini. Mashine ikiacha kiini cha sentimita 20, hicho peke yake ni kama asilimia 9.5 ya ujazo wa gogo (20 gawanya kwa 65, kipeo cha pili). Karatasi inakwenda kwenye kikaushio na kunywea kwa upana. Zenye mafundo na nyufa zinakatwa na kutupwa. Zikishagundishwa na kushindiliwa, ubao wa mita 2.54 kwa 1.29 unapunguzwa kingo hadi 2.44 kwa 1.22, hapo umepoteza asilimia 9 nyingine. Mwisho msasa. Ukijumlisha yote unabaki na asilimia 43 hivi ya gogo. 1 gawanya kwa 0.43 ndiyo 2.3 yako.

Ila kigezo si cha milele. Kiwanda kinachonunua gogo kwa bei ya dunia kinachuna mpaka kiini chembamba na kuunganisha vipande vidogo. Kiwanda kinachopata gogo kwa bei nafuu hakina sababu ya kuhangaika. Viwanda vya Japani vilitoa plaiwudi nyingi zaidi kutoka gogo lilelile la meranti (mti wa mbao wa misitu ya Borneo) kuliko viwanda vya Indonesia vya miaka ya 1980. Ndiyo maana katazo la 1985, kwa miaka ya mwanzo, lilihitaji miti mingi zaidi kwa kila ubao uliofika Tokyo. Ukitaka uangalifu, fanya hesabu mara mbili, moja kwa 2.0 na nyingine kwa 2.5, na uonyeshe zote mbili.

#4 Bandari Kuu

Hoja ya #1 naiunga mkono, lakini kuna jambo limepitwa haraka mno: Malaysia si mstari mmoja. Kwa magogo ni nchi tatu zilizobebwa na jina moja.

Misitu ni mamlaka ya majimbo kikatiba, na Sabah na Sarawak zina uhuru mkubwa zaidi kuliko majimbo ya Rasi ya Malaya. Rasi ilianza mapema: mwaka 1972 ilizuia aina 10 za miti zinazopendwa sokoni, na kufikia 1985 ikazuia magogo yote. Angalieni mwaka huo: 1985, sawa na Indonesia. Hakuna anayeizungumzia kwa sababu kwenye jumla ya Malaysia imezibwa na Borneo.

Sabah ilifika kilele mwishoni mwa miaka ya 1970, uvunaji ukapita mita za ujazo milioni 12 kwa mwaka. Kwa jimbo la ukubwa ule, hicho ni kiwango kisichoweza kudumu, na hakikudumu. Mwaka 1993 ikazuia kuuza magogo nje, baadaye ikalegeza, na Mei 2018 ikazuia tena.

Sarawak ndiyo iliyobeba miaka ya mwisho ya 1980. ITTO ilipeleka ujumbe wa wataalamu 1989 na 1990, ukapendekeza uvunaji katika msitu wa kudumu ushuke hadi mita za ujazo milioni 9.2 kwa mwaka. Mwaka 1991 jimbo lilivuna zaidi ya milioni 19. Upunguzaji ulikuja baadaye, pamoja na sharti la kubakiza sehemu ya magogo kwa viwanda vya ndani.

Mkichora jumla ya Malaysia mtaona kilima kimoja kipana na kudhani ni sera moja iliyobadilika polepole. Mkitenganisha mtaona vilima viwili vinavyopishana: Sabah inashuka, Sarawak inapanda kuziba pengo. Kilima cha Indonesia nacho kiko kabla ya cha Sarawak, na kabla ya vyote kulikuwa na Ufilipino, ambayo ilikuwa muuzaji mkuu wa Japani katika miaka ya 1960. Ni mnunuzi yuleyule akizunguka bahari ileile. Kwa hiyo kilele cha Sarawak ni sehemu ya matokeo ya waraka wa Jakarta wa 1980. Nchi hizi mbili hazikuwa zikienda kila moja kivyake.

#5 Mtakwimu

Naongeza tahadhari ya forodha kwenye hilo la #4. Takwimu za jimbo zinaweza kuhesabu shehena iliyokwenda Rasi ya Malaya kama iliyotoka nje ya jimbo. Kwa nchi, hiyo ni biashara ya ndani. Ukijumlisha Sabah na Sarawak kutoka vitabu vya majimbo, halafu ukalinganisha na jumla ya taifa na kuona majimbo yamezidi, anza kwa kutafuta safu hiyo. Usikimbilie kusema kuna udanganyifu.

#6 Mama Mbao

Vipimo navyo. Hapa ndipo takwimu za kabla ya 1980 zinapoharibika, na wengi hawajui kwamba zimeharibika.

Sabah na Sarawak zilirithi kipimo cha Kiingereza cha Hoppus. Unazungusha utepe katikati ya gogo, unagawanya mzunguko kwa 4, unapata kipeo chake cha pili, unazidisha na urefu. Gogo lenye mzunguko wa sentimita 200 na urefu wa mita 10: robo ni sentimita 50, yaani mita 0.5, kipeo chake 0.25, mara 10 ni 2.5. Ujazo halisi wa gogo hilo kama duara ni 3.18. Hoppus inakupa asilimia 78.5 tu ya ukweli. Ilibuniwa hivyo makusudi, kumwachia mpasuaji nafasi ya mabaki.

Tani ya Hoppus ni futi 50 za ujazo za Hoppus, sawa na mita za ujazo halisi 1.80. Jedwali la zamani likiandika "tani" tu, kuna hatari mbili. Ukidhani ni tani ya uzito, utagawanya kwa uzito wa mti na kupata upuuzi. Ukidhani ni mita za ujazo, umepoteza karibu nusu: tani milioni 1 za Hoppus ni mita za ujazo milioni 1.8.

Magogo ya kuuza nje yalipimwa sana kwa Brereton, yaani wastani wa vipenyo vya ncha mbili. Ncha moja 70, nyingine 60, wastani 65, urefu mita 10: 0.65 mara 0.65 mara 0.7854 mara 10 ni mita za ujazo 3.32. Mpimaji akichukua ncha nyembamba tu anapata 2.83, pungufu karibu asilimia 15. Akipima ndani ya gome, na gome lina sentimita 2 kila upande, kipenyo kinakuwa 61 na ujazo 2.92. Halafu kuna makato ya uozo na tundu la katikati, ambayo mnunuzi na muuzaji hawakubaliani kamwe. Gogo ni lilelile, vitabu vitatu.

Kwa hiyo tofauti ya asilimia 10 hadi 15 kati ya kitabu cha muuzaji na cha mnunuzi inaweza kuwa ya utepe tu. Tofauti ya mara mbili haielezwi na utepe.

#7 Mdadisi wa Mvita

Mama Mbao asante sana, hili la Hoppus sijawahi kuliona limeelezwa wazi hivi. Sasa naombeni hatua. Mtu akikaa kwenye kompyuta leo anataka kuchora nchi hizi mbili kuanzia 1970, anaanzia wapi?

#8 Mtakwimu

Sawa, twende taratibu.

Anza na hifadhidata ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ndiyo yenye mfululizo mrefu, tangu 1961. Jihadhari na mshono wa mwaka 1990. Kabla ya hapo safu ya mauzo ya nje inahesabu magogo ya kupasua na ya vinia ya miti isiyo ya jamii ya misonobari. Kuanzia 1990 kuna safu ya magogo ya viwandani ya kitropiki. Si kitu kimoja. Weka mstari wa wima kwenye grafu hapo 1990 na uandike chini kwa nini. Ukiunganisha kimyakimya, mruko wowote wa mwaka huo utausingizia sera.

Pili, Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya kujua nani alinunua. Msimbo wa magogo katika mfumo wa sasa ni 4403, na ndani yake 4403.41 ni meranti nyekundu iliyoiva, meranti nyekundu hafifu na meranti bakau. 4403.49 ni miti mingine ya kitropiki. Mbao za kupasua ni 4407, vinia 4408, plaiwudi 4412. Misimbo hii imebadilishwa mara kadhaa. Toleo la kwanza la 1988 liligawa miti ya kitropiki kwa namna nyingine, kuanzia 4403.31. Kwa miaka ya nyuma zaidi unatumia mfumo wa SITC: 247.2 katika toleo la pili, 242.3 katika toleo la kwanza. Pakua kila kipindi kwa mfumo wake, usiiachie tovuti ikubadilishie.

Namba za nchi: Indonesia 360, Malaysia 458, Japani 392, China 156. India kwenye Comtrade ni 699, usitafute nyingine. Na hili ndilo linalowaangusha wengi: Taiwan haimo kwa jina. Imefichwa chini ya "Asia nyingine", namba 490. Taiwan ilikuwa mnunuzi mkubwa wa nchi zote mbili, kwa hiyo ukichagua wanunuzi kwa majina na kuacha 490, jumla yako itakuwa pungufu kila mwaka.

Ukirudi nyuma hadi mwanzo wa miaka ya 1960, Rasi, Sabah na Sarawak zina namba zao peke yake mpaka 1963. Usije ukaona Malaysia "imeruka" 1964, ni kuunganishwa kwa vitabu.

Tatu, vuta pande zote mbili: alichosema muuzaji na alichosema mnunuzi. Weka safu mbili jirani, na ya tatu uwiano wake. Thamani zisilinganishwe moja kwa moja, kwa sababu muuzaji anaandika bei ya bandarini kwake, na mnunuzi anaandika ikiwa na nauli na bima. Linganisha ujazo. Na meli iliyoondoka Bintulu, bandari ya Sarawak, tarehe 28 Desemba inaingia kitabu cha Japani mwaka unaofuata, kwa hiyo tumia wastani wa miaka mitatu kabla ya kumtuhumu mtu.

#9 Tishari

Mtakwimu umegusa ujazo, lakini kuna mistari Comtrade ina kilo tu. Hapo watu huzidisha kwa kigezo kimoja na kuharibu kazi.

Waborneo wanagawa magogo makundi mawili: yanayoelea na yanayozama. Meranti jepesi linaelea, unafunga rafu ya magogo na kulivuta mtoni. Keruing, kapur na selangan batu, miti mizito ya hukohuko, nyingi huzama, hizo lazima zipandishwe kwenye tishari. Sasa jiulizeni maana yake kwa uzito: linaloelea lina chini ya tani 1 kwa mita ya ujazo, linalozama limepita tani 1. Shehena ya tani 10,000 ukitumia 0.8 ni mita za ujazo 12,500. Ukitumia 1.05 ni 9,520. Tofauti ni karibu 3,000, kwa shehena moja tu.

Angalia aina ya mti kwanza. Na uzito wa mti mkavu unaoandikwa kwenye majedwali ya maseremala usiutumie kwa gogo bichi.

#10 Mti na Watu

Naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa uzi. Mnaizungumzia Indonesia kana kwamba katazo lilikuwa hasara tupu. Nchi ilikuwa inauza gogo ghafi, faida ya kulichuna inabaki Japani na Korea. Baada ya 1985 ikawa muuzaji mkubwa wa plaiwudi duniani, viwanda vikapita 100, na mamia ya maelfu ya watu wakapata kazi. Nchi yoyote maskini yenye msitu ingetamani hilo. Malaysia Mashariki, yaani Sabah na Sarawak, ilichelewa kufanya hivyo kwa miaka kadhaa.

#11 Kipenyo

Mkuu, hoja yako ni ya haki na sitaki kuipunguza. Viwanda vilikuja kweli, kazi zilikuja kweli. Tatizo ni nani aliyelipa.

Gogo likizuiwa kutoka, mnunuzi wake ni kiwanda cha ndani peke yake. Bei ya ndani inashuka chini ya bei ya dunia. Mwenye kitalu anapoteza, serikali inapoteza ushuru wa magogo, na kiwanda kinapata malighafi ya bei rahisi ambayo, kama Msumeno alivyoonyesha, haina sababu ya kuitunza. Juu yake kukawa na chama cha wazalishaji, Apkindo, chini ya Bob Hasan, mfanyabiashara aliyekuwa karibu na Rais Suharto, kilichopanga nani auze wapi na kwa bei gani. Plaiwudi ya Indonesia iliteka Japani kwa sababu gogo lake lilikuwa rahisi na wauzaji walizungumza kwa sauti moja.

Halafu uwezo wa mashine ukapita uwezo wa msitu. Sheria ya uvunaji ya 1972 ilisema ukate miti yenye kipenyo cha kuanzia sentimita 50, kisha urudi baada ya miaka 35. Kiwanda chenye mkopo benki hakingoji miaka 35. Kufikia miaka ya 1990, mashine zilizokwisha kufungwa zilihitaji magogo mengi kuliko vibali halali vilivyoweza kutoa, na pengo likazibwa na magogo yasiyo na kibali. Gogo hilo halimo kwenye takwimu za mauzo ya nje, wala kwenye takwimu za uvunaji. Limo kwenye plaiwudi tu. Ukizidisha plaiwudi na mbao kwa vigezo, ukajumlisha matumizi ya ndani na kutoa uvunaji uliosajiliwa, unakutana nalo uso kwa uso.

Kwa hiyo mimi sisemi wasingezuia. Nasema katazo bila kudhibiti idadi ya mashine lilihamisha tatizo kutoka bandarini hadi kiwandani.

#12 Mti na Watu

Nimekuelewa. Hapo kwenye idadi ya mashine sina ubishi.

#13 Bandari Kuu

Na mstari wa Indonesia hauko sifuri moja kwa moja baada ya 1985, jambo ambalo grafu nyingi zinalificha. Mwaka 1992 katazo lilibadilishwa kuwa ushuru mkubwa sana, kwa vitendo hakuna kilichobadilika. Ilipokuja kuanguka kwa sarafu 1997, mkopo wa IMF uliambatana na sharti la kushusha ushuru wa magogo: asilimia 30 mwaka 1998, kisha chini zaidi kwa awamu. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 utaona kifundo kidogo. Oktoba 2001 katazo likarudi.

Kati ya hapo na 2005 ndiyo miaka ya kulinganisha vitabu vya pande mbili. Magogo yalivuka mpaka wa Kalimantan kwenda Sarawak na Sabah, na mlango-bahari wa Malaka kwenda Rasi. Juni 2002 Malaysia ikazuia kuingiza magogo ya Indonesia. Wafanyabiashara wakaanza kuyapasua yawe na pande nne, kwa sababu kilichopasuliwa kwa msumeno si gogo tena bali ni mbao kwa macho ya forodha: kinatoka 4403 kinaingia 4407. Mwaka 2003 Malaysia ikazuia na hizo. Yaani ukiangalia magogo tu utasema katazo la 2002 lilifanya kazi mara moja. Fungua 4407 ya mwaka huohuo kabla ya kusema hivyo.

Mfano mwingine ni merbau, mti wa mbao ngumu, kutoka Papua. Taarifa ya mashirika ya mazingira EIA na Telapak ya 2005 ilikadiria mita za ujazo 300,000 kwa mwezi zikienda China, wakati Indonesia ilikuwa imezuia magogo kabisa. Karatasi za shehena zilionyesha asili ya Malaysia. Fikirini athari yake kwa jedwali: gogo moja linaipunguza Indonesia na kuiongeza Malaysia kwa wakati mmoja. Unapolinganisha nchi hizi mbili hasa, kosa hilo linahesabiwa mara mbili.

Na mti wa ramin: Indonesia iliuweka kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kiambatisho cha tatu, mwaka 2001, na kuanzia 2005 ukawa kiambatisho cha pili. Kwa mti huo kuna rekodi za vibali vya CITES za kulinganisha na forodha. Ni moja ya miti michache ya eneo lile yenye ushahidi wa tatu.

#14 Kusini Pwani

Habari zenu. Njia hii ya vitabu viwili inafanya kazi kwetu Tanzania? Nina maana ya mninga na mkongo wa Lindi na Rufiji.

#15 Mtakwimu

Inafanya, na imeshafanywa. Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, uvunaji wa kusini uliongezeka kwa kasi kwa sababu lori lilifika Dar es Salaam bila kungoja kivuko. TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya viumbe wa porini, ilichapisha uchunguzi wake 2007. Takwimu za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara 10 ya zile Tanzania ilizorekodi kuuza huko, na mapato yaliyopotea yalikadiriwa dola milioni 58 kwa mwaka. Rudi kwa Mama Mbao hapo #6: mara 10 haiwezi kuwa utepe.

Kwa namba: Tanzania ni 834, China 156, msimbo 4403 na 4407 pamoja. Lakini zingatia tofauti moja na Borneo. Meranti ina msimbo wake, mninga hauna. Unaingia kwenye kapu la "nyingine" pamoja na kila kitu, na miaka ya karibuni misaji ya mashambani inayokwenda India inachanganyika humohumo kama hujachagua vizuri. Toleo la 2022 la misimbo hiyo limeipa misaji namba yake, 4403.42 kwa magogo, kwa hiyo kuanzia hapo unaweza kuitoa. Kwa miaka ya nyuma, tenganisha kwa mnunuzi: India upande mmoja, China upande mwingine. Si kamili ila inasaidia.

#16 Kusini Pwani

Nashukuru sana ndugu yangu. Swali la mwisho. Sabah ilifunga 2018, Indonesia imefunga, Rasi imefunga. Kwa nini bado naona magogo ya Malaysia sokoni?

#17 Bandari Kuu

Ni Sarawak. Haijafunga kabisa; inapunguza sehemu inayoruhusiwa kutoka na kuongeza inayobaki kwa viwanda vya ndani. Wanunuzi nao wamebadilika. Japani imepungua sana, na India imekuwa mteja mkubwa wa keruing, kapur na selangan batu, zile zinazozama alizozitaja Tishari.

Kuna na magogo ya mashambani, kama akasia, ambayo kisheria na kimsitu ni kitu kingine kabisa lakini kwenye jumla ya 4403 yanakaa pamoja na meranti. Ukikuta mwaka wa karibuni ujazo umepanda na bei ya wastani kwa mita ya ujazo imeshuka, gawanya thamani kwa ujazo kwa kila mnunuzi peke yake. Kundi la bei ya chini kabisa ndilo la kulitoa kwanza na kulichunguza kama ni akasia.